Risasi ya Baba Mdogo: historia ya kulehemu kutoka Tarime hadi Mugumu

Najua nimeadimika, wengine mmenitumia meseji mkidhani nimedisko. Sijadisko! Ni asaimenti tatu kwa mpigo, bumu lililochelewa, na kesi moja ya nyumbani ambayo ndiyo nataka kuwasimulia leo. Jamani ni ndefu kidogo, kwa hiyo chukua chai kabisa.

Mnajua mimi nasoma Historia, lakini ugonjwa wangu ni vifaa vya umeme. Chini ya kitanda changu hosteli kuna boksi la redio mbovu, spika na nyaya, mpaka mwenzangu wa chumba anayesoma uhandisi ananiita "fundi wa karne zilizopita". Sasa mwaka huu nilifanya kosa la kujisifia mbele ya bibi yangu. Bibi yuko Tarime, ana redio ya National ya zamani, yenye kasha la mbao, aliyonunuliwa na marehemu babu. Ilikuwa inakwaruza. Nikamwambia, bibi nipe, nitaitengeneza chuo nikurudishie. Akanipa.

Basi bwana, nikaenda Kariakoo kununua chuma cha kulehemu, hiki wengine tunakiita sodaringi. Muuzaji akanionyesha vya aina mbili, kidogo cha wati 30 na kikubwa cha wati 100 chenye mpini wa mbao. Mimi nikawaza kama mtu anayenunua jenereta: kikubwa si ndiyo bora? Nikachukua kikubwa, na waya wa lehemu wa bei poa usio na jina. Usiku ule nikagusa saketi ya redio ya bibi mara tatu tu. Mara ya tatu njia za shaba zikabanduka kwenye ubao kama ganda la kidonda. Nilikaa kimya dakika kumi nzima. Ile redio ina umri kuliko mimi mwenyewe, na mimi nimeiua kwa dakika tano.

Likizo ilipofika nikaifunga kwenye shuka nikapanda basi. Sikuthubutu kushuka Tarime. Nilibadilisha gari na kupitia Nyamongo, nikavuka mto Mara hadi Mugumu wilayani Serengeti, kwa Baba Mdogo. Yeye ni fundi redio tangu mimi sijazaliwa. Ana kibanda na benchi, na mkebe wa maziwa uliojaa transista kuukuu. Akaifungua, akaangalia, akacheka. Akasema, "Mwanangu, hapa hukulehemu. Hapa umechoma mkaa."

Nilikaa kwake siku nne. Nilimwuliza mambo mengi, niliporudi nikasoma mengine, na nimegundua kwamba swali la "ninunue chuma gani na lehemu gani" lina historia ndefu, na historia hiyo ina majibu yake. Twendeni.

Kwanza maneno yenyewe. "Lehemu" ni neno la asili ya Kiarabu, limekuja na biashara ya pwani. "Risasi" vilevile. Waarabu wanaita madini yale "rasas", na kama sisi wanatumia neno hilohilo kwa kile kinachotoka kwenye bunduki, kwa sababu risasi za zamani zilitengenezwa kwa madini hayo. Kwa hiyo fundi wa Mugumu akisema "nipe risasi" mgeni asikimbie, anataka kuunganisha waya.

Kwetu Mara kazi ya moto na chuma ni ya zamani sana. Wakurya, Wangoreme, Waikoma na majirani zao walikuwa na wahunzi wenye mivukuto na miiko yao, wakifua majembe na mikuki. Lakini mhunzi anapiga chuma kikiwa chekundu, wakati anayelehemu hayeyushi vitu anavyoviunganisha. Anayeyusha madini ya tatu, laini, yanayopita katikati na kushika pande zote mbili. Kazi hiyo ilishikwa na mafundi bati, wale wa koroboi, vibatari, makopo ya kuchotea maji na mabomba ya maua. Mpaka leo ukienda masoko yetu utawakuta.

Chuma cha fundi bati wa zamani si chuma hata kidogo, ni bonge la shaba nyekundu lililofungwa kwenye fimbo ya chuma yenye mpini wa mti. Analiweka kwenye jiko la mkaa. Kwa nini shaba? Kwa sababu inabeba joto jingi na kulitoa haraka. Mafundi wenye akili walikuwa na mabonge mawili, moja likiwa kazini lingine linapata moto. Na walikuwa na dawa ya kusafishia, yaani tindikali waliyoizimisha kwa vipande vya zinki, mara nyingi kutoka kwenye maganda ya betri za tochi. Dawa hiyo inakula kutu vizuri na lehemu inashika bati palepale.

Sasa shikeni hilo la tindikali, tutarudi.

Redio zikaja. Utangazaji wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1951, lakini redio za wakati ule zilikuwa za vioo, yaani valvu, nzito na zenye kula umeme, na kijijini zilikuwa mali ya wachache. Mambo yalibadilishwa na transista. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani ilitoka Marekani mwaka 1954, na miaka michache baadaye Wajapani wakazifanya ziwe ndogo na za bei ya mkulima. Miaka ya 1960 Matsushita, wenye jina la National, wakajenga kiwanda Dar es Salaam. Redio ya betri ikaingia mpaka kwenye boma la mfugaji.

Halafu serikali ikaitumia. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu kama milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi kusikiliza vipindi na kujadili malaria, maji safi na vyoo. Bibi yangu alikuwa kwenye kikundi kimojawapo. Babu alinunua ile redio kwa ajili hiyo, na choo cha kwanza cha boma letu kilichimbwa baada ya vipindi vile. Sasa mnaelewa kwa nini nilikaa kimya dakika kumi.

Tatizo ni kwamba redio ilipoharibika, aliyekuwepo wa kuitengeneza alikuwa na bonge la shaba na jiko la mkaa. Valvu ilivumilia, kwa sababu miguu yake ilikaa kwenye soketi kubwa. Transista haivumilii. Na ubao wa redio za miaka ile ni karatasi iliyogandishwa kwa gundi ngumu, juu yake pamebandikwa shaba nyembamba. Ukizidisha joto, gundi inaachia. Ndicho nilichofanya mimi mwaka huu, na ndicho walichofanya mafundi wengi wa kwanza.

Baba Mdogo alijifunza mjini Tarime mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa na miaka 14, chini ya mzee mmoja ambaye hakuwa na umeme. Yule mzee alichukua waya mnene wa shaba, akauzungusha kwenye ncha ya bonge lake mpaka ukatokeza kama mdomo wa ndege. Bonge linabeba joto, mdomo unaligawa kidogo kidogo. Kabla ya kugusa redio aligusa kwanza kitambaa kibichi, na kwa mlio wake alijua kama ni moto mno. Na mguu wa transista aliubana kwa plaizi ili joto liishie kwenye plaizi. Huyu mzee hakuwa na kipima joto, alikuwa na sikio.

Wenzetu Ulaya na Marekani walikuwa wanapambana na swali lilelile. Mwaka 1921 Mjerumani Ernst Sachs alipata hataza ya chuma cha kulehemu cha umeme kwa kazi za viwandani. Mwaka 1946 Mmarekani Carl Weller akapata hataza ya ile bastola ya kulehemu inayopata moto kwa sekunde chache. Lakini umeme peke yake haukuwa jibu, maana chuma cha umeme kisicho na kidhibiti kinaendelea kupanda joto mradi hujagusa kitu. Jibu likaja pale ncha zilipoanza kujizima zenyewe. Weller walitumia sumaku: kuna aina ya madini ambayo ikifika joto fulani inapoteza usumaku, swichi inaachia, umeme unakatika, ikipoa inavuta tena. Leo kazi hiyo inafanywa na kihisi joto na chipu ndogo. Ni kitambaa kibichi cha yule mzee, ila sasa kiko ndani ya mpini.

Kwa hiyo somo la kwanza: wati si ubora. Wati zinakuambia chuma kitarudisha joto haraka kiasi gani kikishagusa kitu, hazikuambii kitaishia joto gani. Kama mfuko hauruhusu, kile kidogo cha wati 25 au 30 kisicho na kidhibiti kinatosha redio na saketi za kujifunzia. Kama umepata bumu, nunua cha wati 60 chenye kidhibiti cha joto, uweke kama 320 hadi 350. Na kabla hujalipa uliza ncha zake kama zinapatikana. Zile za mtindo wa Hakko 936 zimeigwa na viwanda vingi na ni rahisi kuzipata. Cha wati 100 waachie wenye kazi ya mabati. Kijijini kusiko na gridi kuna vya volti 12 vinavyokula betri ya sola, Baba Mdogo alitumia hicho miaka mingi, na siku hizi kuna vidogo vinavyotumia chaja ya laptopu.

Tuje kwenye lehemu yenyewe, na hapa ndipo kisa changu kinapobadilika.

Risasi peke yake inayeyuka kwenye nyuzi 327. Bati, namaanisha yale madini yenye alama Sn kwenye chati ya kemia, si mabati ya kuezekea, yanayeyuka kwenye 232. Changanya sehemu 63 za bati na 37 za risasi, mchanganyiko unayeyuka kwenye 183! Chini kuliko vyote viwili. Na unaganda mara moja bila kupita kwenye hali ya uji. Ndiyo maana lehemu ya 63/37 ni rafiki wa anayejifunza, na ile ya 60/40 inaifuata kwa karibu.

Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Kwetu mpaka maana yake ni Sirari. Miaka hiyo hata sabuni ilikuwa shida, sembuse waya wa lehemu. Baba Mdogo anasema iliyopatikana ilipita njia za panya usiku, ghali kama dawa. Kwa hiyo mafundi wakabuni. Walichukua saketi za redio zilizokufa, wakazipasha juu ya mkaa, wakazigonga kwenye jiwe, na matone ya lehemu yakadondoka. Yalipokwisha wakavunja betri za magari, wakatoa risasi yake, wakaiyeyusha kwenye sufuria na kuichanganya na matone yale ili ifike mbali.

Ilishika? Ilishika vibaya. Bati likipungua inahitaji moto mkali zaidi, inaganda ikiwa na rangi ya majivu, na viungo vinapasuka. Lakini redio ziliongea. Miaka ile bila watu hawa Tarime na Serengeti zingekuwa kimya.

Sasa jioni ya pili pale Mugumu nikaiona sufuria. Ilikuwa nyuma ya nyumba, imejikunja, na ndani ina utando wa kijivu. Nikamwuliza, Baba Mdogo, hii bado unaitumia? Akasema mara mojamoja, kwa wavuvi wanaotaka vizamisho vya nyavu. Hatua tatu kutoka pale ni mafiga anapopikia mama mdogo. Na chini ya benchi mjukuu wake wa miaka miwili alikuwa anacheza na vitone vya lehemu, kimoja kiko mdomoni.

Jamani, nilishtuka, kwa sababu mwaka wa pili tulisoma habari za Owino Uhuru, Mombasa. Pale kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa ukutani kwa makazi ya watu. Mama mmoja aliyefanya kazi kiwandani hapo, Phyllis Omido, aligundua mtoto wake mchanga ana sumu ya risasi, akapigana miaka mpaka kiwanda kikafungwa, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa ikatengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mwili wa mtoto mdogo unanyonya risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Inaingia kwenye ubongo, na kilichoharibika pale hakirudi.

Kumwambia mkubwa wako jambo kama hili si rahisi, hasa ukiwa umekuja kwake na redio uliyoiua. Nilimtoa mtoto kitone mdomoni kwanza. Halafu usiku, tumemaliza kula, nikamwambia taratibu. Hakukasirika. Alikaa kimya, akasema, "Mimi waya huo nimeukata kwa meno miaka arobaini. Mbona hao waliosoma hawakuja kuniambia?" Sikuwa na jibu. Bado sina. Mtu ni Afya ilifika mpaka kwa bibi kwa sababu ya redio zilizotengenezwa na watu kama yeye, na ile sumu ya mikononi mwao hakuna kipindi kilichoitaja kwake.

Mtasema, si anunue lehemu isiyo na risasi? Nilimpelekea. Hii ni habari ya karibuni kidogo. Tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulianza kukataza risasi kwenye vifaa vingi vya umeme, viwanda vya dunia vikafuata. Lehemu mpya ni karibu bati tupu, moja ya kawaida ina bati asilimia 96.5, fedha 3 na shaba 0.5, na inayeyuka kwenye 217 hadi 220. Lakini ona kilichotokea. Karibu nusu ya bati la dunia linaishia kwenye lehemu, na mahitaji yakapanda. Kwetu Tanzania bati liko Kyerwa, mkoani Kagera. Upande wa pili, Walikale huko Kivu Kaskazini, wachimbaji walivamia kilima cha Bisie kuanzia karibu 2002, na kwa miaka wenye bunduki ndio walikuwa wakusanya ushuru. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuzitaka kampuni zitaje madini yao yanatoka wapi, na ni mwaka 2019 tu mgodi wa kisasa ulipoanza kuzalisha pale. Kwa hiyo lehemu isiyo na risasi nayo imepitia kwenye risasi, za aina ile nyingine. Hakuna waya usio na historia, wadau.

Baba Mdogo aliijaribu. Akasema ni kaidi, haing'ai, na kwa redio kuukuu inataka moto mwingi mno. Yuko sahihi. Kwa ubao wa mwaka 1973 ile 63/37 ndiyo salama kwa redio. Kinachobaki ni usalama wa mtu, na hapo kuna jambo wengi hawalijui: ule moshi unaouona ukilehemu si wa risasi, ni wa utomvu wa msonobari uliomo ndani ya waya kama dawa ya kusafishia. Unakera kifua, fungua dirisha. Risasi yenyewe inaingia kwa mikono na mdomo, na kwa vumbi la kuyeyushia betri. Kwa hiyo usikate waya kwa meno, usile benchini, nawa kwa sabuni, na watoto wasifike pale.

Na ile tindikali tuliyoiacha? Usiitie kwenye saketi kamwe. Baada ya miezi inaacha kijani na kula njia za shaba. Nunua waya wenye utomvu ndani, unene wa milimita 0.8 au chini yake. Ukiona waya wa bei poa haueleweki mchanganyiko wake, hauyeyuki mpaka usukume moto, na unaganda na rangi ya majivu, jua umeuziwa ile ya miaka ya shida.

Siku ya nne redio iliongea. Pale shaba ilipobanduka Baba Mdogo aliunganisha kwa nyaya nyembamba, moja moja, kwa chuma cha wati 25. Mimi nilishika taa. Benchi lilishahamishiwa mbele, mbali na jiko, na beseni la maji na sabuni limewekwa pembeni. Ile sufuria aliitoboa kwa msumari matundu manne ili asije mtu akaipikia. Kuhusu wavuvi alisema ataona, sikumbana zaidi. Kwenye zahanati tuliambiwa kipimo cha risasi cha mtoto hakipo pale, bado tunafuatilia.

Redio nimemrudishia bibi. Hajui kilichotokea, na wewe unayesoma hapa ukifika Tarime tafadhali funga mdomo.

Haya, narudi kwenye asaimenti, ya kesho saa mbili asubuhi bado sijaigusa. Mwenye mjomba au babu fundi, likizo ijayo kaa naye benchini, muulize alijifunza wapi, na uangalie anakata waya kwa nini. Siku njema wote.